Mawindo Yasiyo na Ngazi

Mara ya kwanza jua lilimpiga Rayan machoni, akasema picha haifai. Mara ya pili simu yake iliita katikati. Ndipo Dalmas akashuka tena ngazi za villa ya Al-Malqa, Riyadh, na Mzee Badawi, baba yake Rayan, mikononi, akamketisha kwenye kiti chake cha magurudumu, akajifuta jasho kwa bega, akangoja kuambiwa ambebe upya.

Video hiyo ilikuwa ya kupelekwa Marekani. Huko, kwenye milima ambayo Rayan aliiona zamani alipokuwa mwanafunzi, alikuwapo bwana mmoja mwenye ranchi ambaye riziki yake ilikuwa kuwawindisha wazee na watu wasiojiweza. Mnyama mwenyewe anaitwa elki, kulungu mkubwa kama ng'ombe wa maziwa, pembe zake mti uliopukutika majani. Yule bwana aliandika kwamba anacho kibanda cha kuwindia kilichoinuliwa kwa nguzo, chenye jiko la kuota moto na dirisha la kulengea. Lakini kibanda kina ngazi, na kabla ya kukubali mteja alitaka kuona mzee anakwendaje, anakaaje, na nani atampandisha.

"Polepole, Dalmas," Rayan alisema akiwa ameinua simu. "Tabasamu kidogo. Waone si kazi ngumu."

Dalmas akatabasamu. Mzee naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu zake, akatabasamu pia, akapungia mkono simu kana kwamba yule Mmarekani yumo ndani. Wakapanda. Rayan akaitazama video, akasema mumtaz, safi kabisa, akaingia ndani kwenye ubaridi bila kuwashikia mlango.

Kwenye mkataba aliotia sahihi Nairobi, Dalmas Otieno alikuwa dereva. Neno la kubeba mtu halikuandikwa popote. Hilo halikumsumbua sana, maana mzee alikuwa mwepesi, na kwao mtu mzima habebwi kwa mkataba. Kilichomkereketa ni likizo. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa umekwisha, na kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini nchini, ambaye ni huyo huyo Rayan, alimwahidi kwamba ukiisha atakwenda nyumbani. Kwanza ikawa baada ya Ramadhani. Kisha baada ya Hija. Sasa ikawa baada ya elki, kwa sababu Mmarekani alitaka mtu wa kumbeba mzee aje naye, na pasipoti ya Dalmas ilikuwa imekabidhiwa wakala wa viza pamoja na za wenyewe. Huwezi kwenda likizo nyumbani Siaya na pasipoti yako iko njiani kuelekea Marekani.

Alimkumbusha Rayan jioni ile, garini, wakitoka kwa daktari. Alilipanga neno lake vizuri tangu mchana.

"Bosi, na ile likizo yangu? Mzee wangu hajisikii vizuri."

"Inshallah," Rayan alijibu, macho kwenye simu. "Na mzee wangu je? Sote tuna wazee, Dalmas. Yalla, taa ya kijani imewaka."

Kweli taa ilikuwa imewaka. Dalmas akakanyaga mafuta. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na akimjua humwambia asubiri chakula kipoe.

*

Jambo lenyewe halikuanza na elki. Lilianza Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, nyumbani kwa Samia, dada yake Rayan, ambako Mzee Badawi aliishi siku zote. Mzee alizaliwa Unguja, akaja Hijazi kijana baada ya mapinduzi, akazeekea hapo. Siku moja alikuwa akitazama wanyama kwenye televisheni, akasema, bila kumkusudia mtu, kwamba laiti angesikia tena mbwa wa msako wakilia kichakani kabla hajafa. Ujanani alikuwa msasi. Walikuwa wakiingia porini alfajiri na mbwa na mikuki kumtafuta nguruwe mwitu aliyemaliza mihogo ya watu. Samia aliyasimulia hayo kwa kakake kwenye simu, kama kisa cha kuchekesha. Rayan hakucheka. Rayan alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi na dhamiri inayomuuma mara moja kwa mwaka, na mwaka huo ilimuuma hapo.

Tangu siku hiyo akawa anapiga simu kila jioni. Ranchi hii ina gari la kuingiza kiti cha magurudumu lakini iko juu mno, baba atakosa pumzi. Ile iko chini lakini mnyama yumo ndani ya uzio, na kufukuzana na mnyama aliyefungiwa ni aibu. Nyingine ina kila kitu ila choo chake kiko mbali. Samia, ambaye ndiye aliyekuwa akimwogesha baba yake na kumpa dawa zake, aliyasikiliza yote kwa kipaza sauti huku akikanda unga.

"Choo," alimwambia Dalmas siku moja baada ya simu kukatwa. Dalmas alikuwa amemrudisha mzee Jeddah baada ya daktari wa Riyadh, akaazimwa abaki huko, maana mzee alikwisha mzoea. "Miye nimeomba bafu la hapa nyumbani litiwe vyuma vya kushikia, mwaka wa pili huu. Hakuna aliyenisikia. Leo tunachagua choo cha Marekani."

Ugomvi wa ndugu ni moto wa mabua, anayeuingilia ndiye anayeungua. Lakini moyoni Dalmas alimwona Samia kuwa ndiye mtu pekee wa familia ile aliyesema kitu chenye maana tangu habari hizi zianze.

*

Mguu wa Absalom, baba yake Dalmas, ulianza kwa kidonda cha kujikwaa. Absalom alikuwa na kisukari, na kidonda hakikutaka kupona. Lorine, mkewe Dalmas, alipiga picha akaituma, kisha akajuta kuituma. Siku iliyofuata akapiga simu.

"Daktari wa Kisumu amesema ukatwe," alisema. "Hapa chini ya goti. Anasema akikatwa sasa ataishi, akingoja uozo utapanda."

"Na mzee amesemaje?"

"Amekataa. Amesema hakatwi mpaka akutoe."

Dalmas alifunga macho. Hakuhitaji kuelezwa. Kwa desturi ya Wajaluo mwanamume hahami boma la baba yake akajijengea lake hivi hivi, kama mtu anayehama chumba cha kupanga. Baba humtoa. Alfajiri baba hutangulia na jogoo mkononi, mwana hufuata na shoka, mke hufuata na moto, wakaenda kwa miguu hadi kiwanja kipya. Baba huonyesha pa kuchimba, nguzo ya kwanza ikasimama mbele ya macho yake. Reuben, kaka mkubwa, alikwisha tolewa. Zamu ilikuwa ya Dalmas, na mdogo wake Morgan hawezi kumpita. Kiwanja kilikuwapo. Mabati aliyoyanunua kwa mishahara ya Riyadh yalikuwa yameegemezwa nyuma ya jiko la mama, yakiota kutu. Kilichokosekana ni Dalmas. Na Absalom hakuwa na ndugu wa kiume wa kumshikia nafasi.

"Wambebe basi," Dalmas alisema. "Reuben na vijana wambebe kwa kiti, mimi nikifika tu, asubuhi moja, tumalize."

"Nilimwambia hivyo. Amesema mtoto hatolewi na mtu aliyebebwa. Anakwenda kila asubuhi, Dalmas. Anajizoeza. Anashika fimbo anatembea kuelekea kiwanjani, ndio mguu usisahau. Mwezi jana alikuwa anafika. Siku hizi anaishia kwa ule mti wa posta, wa waya za simu, anarudi. Wewe njoo tu. Omba ruhusa kama binadamu, watakupa."

Dalmas alikasirika kusikia hivyo, akamjibu vibaya, kwamba yeye Lorine anadhani ruhusa ni chumvi ya kuomba kwa jirani. Baadaye alituma ujumbe wa kuomba radhi. Hasira yake haikuwa ya Lorine, ila huyo ndiye aliyekuwa karibu, hata kwa simu.

*

Asubuhi moja, Samia akiwa ameteremka kwa jirani, Dalmas alimnyoa mzee ndevu kama alivyozoea, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake. Hakuwa na kawaida ya kukaa.

"Baba, naomba kukuambia kitu."

"Sema, mwanangu."

Akamweleza yote: mguu, jogoo, mti wa posta, pasipoti. Mzee Badawi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, povu limekauka sikioni. Dalmas akamalizia kwa lile alilolikusudia. Mzee hakuwa akimtaka huyo elki. Kila mtu ndani ya nyumba alijua, hata Samia. Angemwambia tu Rayan kwamba hataki, mambo yangekwisha, pasipoti ingerudi.

Mzee alijifuta povu la sikioni.

"Kweli simtaki," alisema. "Nikamtake wapi? Huko baridi, nyama zenyewe sijui watachinja vipi. Lakini n'kwambie kitu, Dalmas, na usinicheke. Tangu mama yao afe, Rayan alikuwa akinipigia simu sikukuu mbili, basi. Sasa hivi kila jioni. Ananiuliza goti langu. Ananiuliza nalala upande gani. Nikimwambia sitaki kuwinda, hiyo simu italia tena lini?"

"Baba yangu ataoza mguu."

"Nitasema naye," mzee alisema upesi, na macho yake yakakwepa. "Nitasema naye, inshallah. Nitamwambia akupe ruhusa."

Alisema naye kweli. Dalmas alimsikia jioni ile ile kutoka jikoni. Alisema, "Na huyu Dalmas naye ana baba mgonjwa kwao," na Rayan akasema Mungu amponye, kisha wakaendelea kuzungumzia kama baba atahitaji glavu nene au nyembamba. Mzee akasema nene.

Dalmas alitoka nje akasimama karibu na pipa la taka mpaka moyo ukapoa. Onesmus, Mkamba aliyekuwa mlinzi wa jengo la pili, alimwona akaja. Onesmus alikuwa Jeddah miaka mingi kuliko aliyotaka, na ushauri wake ulikuwa mmoja kwa kila shida.

"Wewe unaomba wakati hawana haja na wewe," alisema. "Ngoja siku wanakuhitaji. Hiyo siku usiombe. Dai."

Dalmas alisema wanamhitaji kila siku. Onesmus akatikisa kichwa, akasema hapana, kila siku wanamtumia, ni vitu viwili tofauti.

*

Viza zilipotoka, mzee alipewa, Rayan alikuwa nayo tangu zamani, Dalmas akakataliwa. Pasipoti tatu zikarudi kwa Rayan ndani ya bahasha moja. Dalmas alipoambiwa kwa simu ilibidi ajizuie asishukuru.

"Sasa bosi, kama sisafiri tena, hiyo nafasi si naweza…"

"Dalmas, si wakati wake," Rayan alimkata. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeporwa. Mmarekani alisema hana mtu wa kumpandisha mteja, bima yake hairuhusu. Na Rayan mwenyewe hawezi kumbeba, ana ugonjwa wa mgongo. "Msimu unaisha. Nitafute nini sasa? Nimemwahidi baba yangu. Wewe unajua maana ya kumwahidi baba?"

Swali hilo lilimchoma Dalmas. Alikata simu na akakaa garini, mikono kwenye usukani, gari halijawashwa. Na hapo ndipo, Mungu amsamehe, alipopata akili iliyomjia kama neema. Rayan hatampa likizo mpaka mzee awinde. Basi na awinde haraka, na awinde karibu na Siaya.

Kabla ya kuja Saudia Dalmas alikuwa akiendesha lori la samaki kutoka Mwanza hadi Kisumu. Kila kona ya ile barabara aliijua. Alijua pia kwamba Kenya hawaruhusu uwindaji lakini Tanzania wanaruhusu kwa vibali, na kwamba Mkenya haombi viza kuingia huko. Wakiwa kambini, mzee amelala, bosi yuko na wenzake, nani angemkatalia siku mbili? Angevuka mpaka wa Sirari, afike nyumbani usiku, alfajiri ashike shoka, baba ashike jogoo, mambo yakaisha.

Akaanza kwa mzee. Alimwonyesha kwenye simu picha ya pofu, mnyama mkubwa kuliko huyo elki, mwenye ndevu kooni kama imamu. Akamwambia gari linafika mpaka mlangoni mwa kibanda cha kuwindia, hakuna ngazi hata moja, hakuna baridi, na wachinjaji ni Waislamu. Mzee alitazama kwa adabu tu. Kisha Dalmas akasema neno ambalo baadaye alitamani lingemkwama kooni.

"Na watu wote ni Waswahili, baba. Mwenye gari, mpishi, wasasi wenyewe. Utaongea lugha yako kutoka asubuhi mpaka ulale. Hutahitaji mtu wa kukutafsiria."

Uso wa mzee ulibadilika. Aliuliza kama kuna mbwa. Dalmas hakujua, akasema wapo.

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumzuia mzee. Jioni ile Rayan alipopiga simu alimkuta baba yake akiongea bila kuulizwa, akicheka, akisema habari za pofu na kwamba atakwenda kusema Kiswahili na watu wenye Kiswahili chao. Rayan alikuwa amebeba huo mzigo miezi mizima bila kumsikia baba yake akicheka. Alitafuta kampuni siku ile ile. Dalmas akawa anaulizwa kila kitu. Barabara ikoje, mvua lini, kuna hospitali. Alijibu vyote, na alipokosa jibu alimpigia rafiki wa Musoma akaulizia. Kwa mara ya kwanza Rayan alimwita akhui, ndugu yangu. Na Dalmas, ambaye hakuwa mtu wa kudanganyika, akadanganyika.

"Mwambie baba ashike jogoo," alimwambia Lorine. "Nakuja kwa mlango wa nyuma."

*

Habari aliletewa na Samia, na alimletea pamoja na sahani ya biriani, maana alikuwa mtu wa haya.

"Tiketi zimekatwa," alisema. "Baba na Rayan. Wanapita Dar es Salaam."

Dalmas alingoja jina la tatu. Samia aliipanga vizuri sahani mezani, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Rayan anasema huko watu wa kubeba wapo tele, na wote wanaelewana na baba. Kampuni imesema itampa watu wawili wa kukaa naye. Wewe anasema ubaki na miye hapa, kuna shule ya watoto na kuna kazi. Wakirudi ndipo atazame likizo yako." Kisha akasema, taratibu zaidi, "Nilimwambia haifai, Dalmas. Wallahi nilimwambia."

Dalmas alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, kwa mikono yake, tena kwa bidii. Alikuwa ameyasifu mawindo yale mpaka yakawa hayana haja naye. Dalmas aliitazama biriani. Alitaka kucheka na alitaka kuirusha ile sahani ukutani, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa hili wala lile, alimshukuru Samia, akaila, kwa sababu chakula ni chakula.

Usiku ule hakumpigia Lorine. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine, akaufuta pia. Asubuhi alikuta Lorine ameshatuma wake. Mzee leo ameishia mlangoni, ulisema. Harufu imeanza.

*

Siku ya safari Rayan alifika kutoka Riyadh na mkoba wa ngozi begani. Walimuaga Samia nyumbani. Njia ya uwanja wa ndege kutoka Al-Nuzha si ndefu, na mzee aliongea njia nzima. Alivaa kanzu mpya, kizibao na kilemba. Alimuuliza Dalmas pofu hulia vipi. Dalmas alisema hajui.

Mbele ya mlango wa wasafiri kijana wa Kibangali alikwisha leta kiti cha magurudumu. Rayan alishuka, akateremsha masanduku, akafungua mlango wa baba yake, akangoja. Dalmas alizima gari. Akachomoa ufunguo, akashuka, akaja upande ule, akasimama. Mikono yake akaiweka nyuma.

"Yalla, Dalmas," Rayan alisema.

"Bosi, simbebi."

Rayan alidhani hakusikia vizuri. Dalmas akarudia, kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kusema tairi halina upepo. Akasema pasipoti yake imo kwenye mkoba ule. Akasema viza ya kutoka na kurudi kafili anaitoa kwenye simu, ni kazi ya dakika moja. Apewe vyote viwili hapo, ndipo atambeba mzee.

Rayan alitazama huku na huku kuona nani anasikiliza. Alisema Dalmas amepata wazimu. Alisema atamripoti kuwa ametoroka, polisi wamkamate, arudishwe kwao leo leo.

"Nirudishe," Dalmas alisema. "Si ndiko naomba kwenda?"

Yule kijana wa kiti aliombwa asaidie, akarudi nyuma akisema mamnu, mamnu, haruhusiwi kumgusa abiria. Nyuma yao gari lilipiga honi. Askari wa barabara akaanza kuja. Rayan akatupa mkoba chini, akajipinda, akamshika baba yake chini ya makwapa, akavuta. Hakuwahi kumbeba. Hilo lilionekana mara moja. Hakujua kwamba mkono mmoja hupita chini ya magoti, hakujua kwamba mzee hutangulizwa nyonga kabla ya mabega. Mzee akatoka nusu, kanzu ikanasa kwenye mkanda wa kiti, mguu mmoja ukabaki ndani.

Dalmas alitazama. Alijilazimisha kutazama. Alihesabu honi.

Rayan akashusha pumzi, akamwegemeza baba yake begani, kwa mkono mmoja akamzuia na kwa mwingine akatoa simu mfukoni. Kidole gumba kikaanza kupapasa kioo. Na mzee akaanza kuteleza. Kichwa kilikwenda nyuma, kilemba kikaanguka, uzito wote ukalala kwenye ule mkono mmoja wa mwanawe ambao haukuuweza. Chini ilikuwa lami.

Mwili wa Dalmas ulikwenda wenyewe. Mkono chini ya magoti, mkono mgongoni, nyonga kwanza. Mzee akawa juu kifuani pake, mwepesi kama siku zote. Rayan aliwatazama wawili hao, akafuta jasho, akatazama simu iliyo mkononi mwake. Akaizima. Akairudisha mfukoni, akaokota mkoba, akaenda na masanduku mbele bila kusema neno.

Zilikuwa hatua chache tu mpaka kwenye kiti. Mdomo wa mzee ulikuwa karibu na sikio la Dalmas.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Ulikuwa unaanguka, baba."

"Nilijilegeza makusudi," mzee alisema. "Nilijifanya mzito ashindwe. Alishafungua ile ya viza. Jina lako nililiona kwenye simu, Dalmas, alikuwa ameshaligusa. Ungeniacha nianguke."

Dalmas alimketisha, akamwekea miguu kwenye vibao vyake, akaokota kilemba, akakipangusa vumbi, akamvika. Mzee alimshika kiganja akakishikilia, mpaka kijana wa kiti alipokigeuza kiti kuelekea mlangoni na vidole vikaachana vyenyewe. Askari akamwambia aondoe gari.

Aliliondoa. Alikwenda nalo mpaka penye maegesho, akaliegesha sawasawa kati ya mistari, akampigia Lorine. Lorine alipokea kabla simu haijaita mara ya pili.

"Umepanda ndege?"

"Mwambie baba akubali kukatwa."

Dalmas alisikia kuku nyuma ya Lorine, na mtu akikohoa, na mtu huyo akiuliza kwa Kijaluo kama ni yeye.

"Nimwambie umesema wewe?" Lorine aliuliza.

"Mwambie nimesema mimi."